Otomatiki na Mlima Magara: Jinsi ya Kuiokoa Gia Boksi Isiungue

Sema stendi ya Katesh, Dongobesh au Haydom kwamba unataka kununua gari, na utaambiwa kabla hujamaliza: otomatiki haiwezi milima ya huku, tafuta la gia za mkono. Wanaosema hivyo hawabahatishi. Wameziona Noah zikirudi Babati zimefungwa kamba, oili imegeuka nyeusi, na mwenye gari akiulizia bei ya gia boksi nyingine. Lakini ushauri huo umechelewa. Noah zimeshajaa kwenye njia hizi, Hiace za otomatiki zinaendelea kushushwa bandarini Dar es Salaam, na magari mengi ya mtumba yanayotoka Japani hayana pedali ya klachi. Hata malori ya masafa marefu yanayopita Katesh yanazidi kuja hivyo hivyo.

Msimamo wangu ni kwamba gia boksi hizi hazifi kwa sababu ni otomatiki. Nyingi zinaungua, na mambo matatu makubwa yanayoziunguza yako mikononi mwa dereva na tajiri wake: namna ya kupanda na kushuka mlima, oili inayotiwa, na haraka ya kufungua boksi kabla tatizo halijajulikana. Tuyatazame moja moja, baada ya kuona kwanza joto linakotoka.

Joto linakozaliwa

Gari la gia za mkono lina klachi pleti inayobanwa kwenye flaiwili. Ikishabanwa, injini na gia boksi vinazunguka pamoja. Otomatiki ya kawaida imejengwa vingine. Kati ya injini na gia kuna chombo cha chuma kilichofungwa, mafundi hukiita toki konveta, nacho kimejaa oili. Chukua feni mbili za mezani uzitazamishe, kisha washa moja: upepo wake utaizungusha ya pili. Ndani ya konveta, oili ndiyo upepo huo. Kwenye lami tambarare pande zote mbili huzunguka karibu sawa, na ndani kuna kufuli linalozibana zisipishane kabisa. Gari likipanda taratibu na mzigo mgongoni, injini inazunguka kwa kasi huku magurudumu yakijikokota. Kufuli halishiki, na tofauti yote ya mwendo inageuka joto ndani ya oili.

Sasa itazame barabara ya Magugu kwenda Mbulu. Uso wa Ziwa Manyara uko karibu mita 960 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Mbulu uko zaidi ya mita 1,700. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo inapandwa kwa mkupuo mmoja kwenye kona za Mlima Magara. Huko juu hewa ni nyepesi pia. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 inazopanda, kwa hiyo dereva anakandamiza mafuta zaidi na konveta inachemka zaidi. Atakayepanda kutoka Dareda kuelekea Dongobesh atakutana na hesabu ile ile.

Oili inayochemka kwenye konveta ndiyo hiyo hiyo inayobana klachi pleti ndogo ndogo zilizomo ndani ya boksi, ndiyo inayolainisha gia, na ndiyo inayobeba joto kulitoa nje. Ikiwa kati ya nyuzi 80 na 95 inafanya kazi yake vizuri. Ikizidi 120 inaanza kuharibika: inaacha utando kama vanishi kwenye vijia vyembamba vya valvu bodi na inakausha sili za mpira. Mafundi wana kanuni ya kukadiria kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka juu ya kawaida hukata umri wa oili kwa nusu. Ndiyo maana gari lililotembea Japani miaka kumi bila shida linaweza kumaliza boksi lake huku kwa misimu michache ya mavuno.

Joto hilo linapozwa wapi? Katika magari mengi ya Kijapani, oili ya gia boksi hupita kwenye kipoza kidogo kilichomo ndani ya rejeta ya maji. Hivyo rejeta mbovu ni ugonjwa wa gia boksi pia. Vumbi la kiangazi, makapi ya ngano ya Basotu na tope la masika huziba mapezi ya rejeta mpaka upepo haupiti. Yaoshe kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje, ili uchafu urudi ulikotokea. Acha pia kujaza maji matupu ya bomba. Kwenye miinuko ya Mbulu maji yasiyo na presha huchemka kwa takriban nyuzi 94, hivyo kifuniko cha rejeta kilicholegea kinaweza kukuchemshia gari hata kama feni ni nzima. Maji matupu yanaleta kutu, kutu inatoboa kipoza, na kipoza kikitoboka maji yanaingia kwenye oili ya gia. Hapo oili inakuwa kama maziwa yenye rangi ya waridi, na klachi pleti zinaanza kubanduka utando wake.

Mkono wa dereva

Wengi hudhani otomatiki ina D tu na kwamba alama nyingine ni mapambo. Kabla hujaanza kupanda Magara au Dareda, zima O/D, yaani gia ya juu ya mwendo kasi, kwa kitufe cha kwenye gia, au shusha gia hadi 2, na penye mwinuko mkali zaidi tumia L. Gari likiwa kwenye D hupandisha gia, likaelemewa, likashusha, likapandisha tena. Kila badiliko hilo ni msuguano na joto. Ukilifungia gia ndogo, injini itapiga kelele kidogo zaidi lakini boksi litapumua. Kwenye gari la CVT, yaani otomatiki ya mkanda, tumia S, L au B, kwa kadiri lilivyoandikwa.

Ukisimama katikati ya mwinuko kushusha abiria, shika breki. Kulizuia gari lisirudi nyuma kwa kugusa mafuta ni kupika oili huku umesimama. Ukisikia harufu ya kuungua, egesha mahali salama, weka P, vuta hendibreki, uache injini ingurume taratibu kwa dakika kadhaa. Usiizime haraka, kwa sababu pampu ya oili ya gia boksi inazungushwa na injini, na bila pampu oili ya moto haifiki kwenye kipoza. Zima tu ikiwa geji ya maji imepanda kwenye nyekundu au maji yanamwagika.

Wakati wa kushuka usiweke fri, yaani N. Najua madereva wanaofanya hivyo wanawaza lita moja ya mafuta na hesabu ya jioni. Kwenye N injini haishiki gari, breki zinabeba kila kitu mpaka zinachemka na kulegea, na ukirudisha D kwa kasi, klachi pleti zinapokea pigo zito. Ukizima injini kabisa, vyuma vya ndani vinazunguka bila oili, usukani unakuwa mzito na breki zinakosa msaada. Shuka kwa 2 au L, gusa breki kwa vipindi, uache injini ikushikie gari.

Tope nalo lina adabu yake. Gari likinasa kwenye udongo mweusi wa njia za mashambani, dereva huanza R, D, R, D huku magurudumu yakizunguka hewani. Dakika tano za namna hiyo zinaweza kumaliza kilichobaki kwenye pleti zilizochoka. Jaribu mara chache kwa mafuta madogo, magurudumu yasimame kabisa kabla hujabadili gia, kisha shuka utafute jembe, mawe na majani.

Ukiegesha mlimani, kanyaga breki, weka N, vuta hendibreki, achia mguu gari likae kwenye hendibreki, ndipo uweke P. Ukianza na P, uzito wote wa gari na mzigo unaegemea kijino kimoja kidogo cha chuma ndani ya boksi.

Kamba ya kuvutia ni hatari

Otomatiki haiwashwi kwa kusukumwa, na isivutwe ovyo. Magurudumu yanayoendesha gari yakiwa chini na injini imezimwa, gia zinazunguka kavu, na ukifika Babati unaweza kukuta boksi zima limekufa kwa sababu ya betri au pampu ya mafuta tu. Noah za karibuni zinaendeshwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo zinyanyuliwe mbele. Hiace inaendeshwa na ya nyuma, kwa hiyo inyanyuliwe nyuma au ifunguliwe propela shafti kabla ya kuvutwa. Kufungua boliti zake ni kazi ya muda mfupi kwa mwenye spana. Gari la magurudumu manne lipakiwe juu ya lori.

Oili: isome, usiitazame rangi tu

Kosa linaloua boksi nyingi ni kudhani kila oili nyekundu ni moja. Toyota za zamani zinatumia Dexron au Type T-IV, za baadaye zinatumia WS. Nissan ina Matic zake, Mitsubishi ina SP-III. CVT ina oili yake peke yake, na hiyo isichanganywe na nyingine yoyote, kwa maana mkanda wa chuma wa ndani unategemea msuguano maalumu wa oili hiyo. Kwenye kibati cha Toyota, ama ndani ya boneti ama kwenye nguzo ya mlango, tafuta mstari ulioandikwa TRANS/AXLE. Namba ya boksi ikianza na A au U, kwa kawaida ni otomatiki ya gia. Ikianza na K, kama K111 au K112, ni CVT. Noah mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kuwa na boksi tofauti kabisa, kwa hiyo usikubali fundi akuambie tu kwamba Noah zote ni sawa.

Kupima kiwango kuna utaratibu. Gari liwe mahali tambarare na limeshatembea likapata moto. Ukiwa umekanyaga breki, pitisha gia kwenye kila alama, ukitulia sekunde chache kila moja, kisha rudi P. Kwenye Toyota nyingi unapima injini ikiwa inanguruma, unafuta stiki kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, unairudisha, unaisoma kwenye alama ya HOT. Gari lisilo na stiki hupimwa kutoka chini kwa boliti ya kufurikia, oili ikiwa karibu nyuzi 40, na kazi hiyo inahitaji fundi mwenye kipimo cha joto. Oili ikipungua, presha inaanguka na pleti zinateleza. Ikizidi, gia zinaikoroga inakuwa povu, na povu halibani pleti.

Watengenezaji wengine huandika kwamba oili ya boksi ni ya maisha. Maisha waliyoyafikiria si ya kupanda Magara na magunia ya vitunguu saumu. Kwa gari la biashara kwenye njia hizi, kilometa 30,000 hadi 40,000 ni kiwango cha busara. Noah inayotembea kilometa 200 kwa siku inafika 40,000 ndani ya siku 200, yaani chini ya miezi saba. Tajiri anayebadilisha oili ya injini kila mwezi na kuisahau ya gia miaka mitatu anajitafutia ovaholi.

Ukifungua boliti ya chini, kwa kawaida inatoka nusu tu ya oili, kama lita tatu au nne, kwa sababu nyingine imebaki ndani ya konveta. Pima kilichotoka kwa chupa zenye alama na urudishe kiasi hicho hicho. Kama oili ni chafu, tembea siku chache kisha rudia. Mara mbili au tatu zinatosha kuisafisha bila kulishtua boksi. Bakuli la chini likifunguliwa, tazama sumaku. Uji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyochoma kidole, au magamba meusi mengi, ni habari mbaya. Badilisha filta na gasketi, na umsimamie fundi asijaze gundi ya silikoni: ile inayofinywa kuingia ndani hukatika, ikaelea hadi kwenye filta na kuiziba.

Wapo wanaosema gari likibadilishwa oili ndipo boksi linakufa. Mara nyingi boksi hilo lilikuwa limeshakwisha pleti, na mwenye gari alikimbilia oili kama dawa ya mwisho. Oili mpya inazuia kuungua. Pleti iliyokwisha haiwezi kuirudishia unene.

Dalili, na mpangilio wa kutafuta

Mficha maradhi kifo humuumbua. Dereva anayeogopa kumwambia tajiri kwamba gia inachelewa kushika humletea hasara kubwa kuliko ile aliyokuwa akiikwepa. Dalili za mwanzo ni hizi: unaweka D na gari linakaa kidogo kabla ya kuvuta, injini inapanda mizunguko bila mwendo kuongezeka, gari linapiga kishindo likibadili gia, linatetemeka kama linapita kwenye matuta madogo, au rivasi inakuwa nzito asubuhi.

Ukiziona, mfuate fundi lakini usiruhusu ateremshe boksi siku hiyo. Mpangilio mzuri unaanzia kwenye vitu vya bei ndogo. Kwanza oili: kiwango, rangi, harufu. Pili, kebo ya gia, kwa sababu ikilegea gari linakuwa kati ya alama mbili na pleti zinashika nusu. Tatu, umeme: betri dhaifu, nyaya zilizotafunwa na panya, plagi zilizoingia maji na tope. Kwenye Toyota nyingi za zamani taa ya O/D OFF ikimetameta, kompyuta imeshika kosa na inataka kusomwa kwa mashine. Gari lililokwama kwenye gia moja huenda limejilinda tu, na tatizo likawa sensa ya mwendo au solenoidi moja inayobadilishwa kwa kufungua bakuli peke yake. Nne, injini yenyewe: filta ya mafuta iliyoziba au plagi mbovu hulifanya gari likose nguvu, na boksi likabebeshwa lawama. Mauntingi zilizokatika nazo hutoa kishindo kinachofanana na cha gia.

Baada ya hapo ndipo vipimo vizito. Fundi mzoefu hupima presha ya oili kwa geji, au hufanya kipimo cha kukwamisha: magurudumu yamewekewa mawe, hendibreki imevutwa, breki imekanyagwa, hakuna mtu mbele wala nyuma, anakandamiza mafuta kwenye D huku akisoma mizunguko. Isizidi sekunde tano, na oili ipumzishwe kabla ya kurudia. Mizunguko ikipita kiwango cha gari hilo, pleti zinateleza. Ikishindwa kufika, injini ni dhaifu au konveta ina kasoro. Anayefanya kipimo hiki nusu dakika nzima ili kukuonyesha ubovu anautengeneza papo hapo.

Malori ni jamii nyingine

Lori kubwa lisilo na pedali ya klachi kwa kawaida halina konveta. Volvo ilianza kuuza I-Shift mwaka 2001, Scania ina Opticruise, Mercedes-Benz ina PowerShift. Ndani yake mna gia kama za lori la zamani na klachi pleti kavu, ila kazi ya mguu na mkono imechukuliwa na kompyuta pamoja na upepo. Kulizuia lori hilo mlimani kwa mafuta kunaunguza pleti kavu moja kwa moja. Kutambaa kwenye foleni ya mnada hatua kwa hatua nako kunailaza pleti nusu. Subiri nafasi ipatikane, kisha sogea mara moja.

Kwa kuwa gia zinabadilishwa kwa upepo, mtungi wenye maji ni sumu. Toa maji kwenye mitungi kila siku, na badilisha kikausha upepo kwa wakati. Lori linalokataa kushika gia asubuhi linaweza kuwa na mpira wa upepo unaovuja na boksi lenyewe likiwa zima. Ukibadilisha klachi pleti, kompyuta lazima ifundishwe upya mahali inaposhikia, kwa hiyo uliza mapema kama gereji ina mashine ya kazi hiyo.

Malori madogo yanachanganya zaidi. Isuzu Elf yenye maandishi Smoother na Mitsubishi Canter yenye Duonic, iliyoingia sokoni mwaka 2010, kila moja ina mfumo wake na oili yake. Fundi bingwa wa Noah si lazima awe bingwa wa hizo.

Maji, tope na gari la bei poa

Juu ya kila boksi kuna tundu la kupumulia. Boksi la moto likiingia ghafla kwenye mto, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia tundu hilo. Kwa njia zenye mito, fundi aunge mpira mrefu kutoka kwenye tundu hadi juu karibu na boneti. Ukivuka maji yaliyofika kwenye boksi, kagua oili siku hiyo hiyo.

Tope lililoshuka kutoka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 na kuingia Katesh na vijiji vya jirani lilifukia magari pia. Gari lililowahi kuzama linaweza kuoshwa likang'aa. Kabla ya kununua la otomatiki, fungua bakuli la gia kwanza. Na likizama lako, usiwashe: toa oili zote, safisha plagi za umeme, ndipo ufikirie ufunguo.

Ovaholi au boksi la mtumba

Boksi likishakufa una njia mbili. Ovaholi inafaa kama fundi ana vitabu vya gari hilo, meza safi, na anakuonyesha pleti za zamani kabla ya kununua mpya. Vumbi la gereji ya wazi linatosha kukwamisha valvu. Boksi la mtumba linafaa kama namba yake inalingana na kibati na oili iliyomo hainuki.

Kwa njia yoyote ile, simamia mambo mawili. Kipoza na mipira yake visafishwe kabisa, au kipoza kibadilishwe, kwa sababu chembe za chuma za boksi la zamani zimejificha humo na zitaliua jipya. Na konveta ijazwe oili, kisha isukumwe mpaka ikae sawasawa kwenye pampu kabla boksi halijaungwa na injini. Ikiwa boliti za boksi zinavuta kwa nguvu kuziba uwazi, simamisha kazi hapo hapo. Fundi anayekaza tu anaipasua pampu, na utailipia wewe.

Nunua daftari la kurasa chache likae ndani ya gari. Andika kilometa, jina la oili, lita zilizotoka, lita zilizoingia, na kilichoonekana kwenye sumaku. Fundi wa Mbulu, Katesh au Arusha akilisoma ataanzia pale mwenzake alipoishia, na siku ya kuuza, mnunuzi atakayeambiwa stendi kwamba otomatiki haiwezi milima utamfungulia daftari hilo ajisomee mwenyewe.